Jeni ya Lazima, Lakini kwa Bakteria Yupi na Akiwa Wapi?

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ni kuharibu bakteria kwa makusudi, kila mmoja jeni moja, halafu kuangalia nani ameshindwa kuishi. Bakteria wenyewe ni wale wanaotuingia kwa chakula: Salmonella zaidi, na siku hizi Campylobacter. Ninachotafuta ni jeni za lazima, zile ambazo bakteria akizikosa haoti kabisa. Zikijulikana, anayetafuta dawa mpya anajua pa kupiga. Katika kazi hii nimejifunza mengi, ila limo moja linalonifanya nikae chini niandike. Hakuna jeni iliyo ya lazima hivi hivi tu. Ni lazima uulize ni ya lazima kwa bakteria yupi, na akiwa wapi. Swali hilo linarukwa mara nyingi mno, na likirukwa sisi wa Afrika Mashariki ndio tunaoumia kwanza.

Nilisomea tiba ya wanyama Morogoro, kwa hiyo Salmonella nilimjua kwa upande wa kuku kabla ya kumjua kwa upande wa binadamu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio yake ya magonjwa ya chakula: watu milioni 600 huugua kila mwaka, yaani karibu mtu 1 katika kila 10, na 420,000 hufa. Kati ya hao wanaokufa, 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano. Afrika ndiyo iliyoonekana kubeba mzigo mzito kuliko wote ukilinganisha na idadi ya watu, na Salmonella asiye wa taifodi alitajwa miongoni mwa wauaji wakubwa. Ulaya Salmonella huyo ni tumbo la siku chache, mtu anakunywa maji ya kutosha anapona. Huku kwetu ipo aina inayopita moja kwa moja hadi kwenye damu ya mtoto mwenye malaria au utapiamlo, au mtu mzima mwenye VVU, pengine bila hata kuharisha. Aina hiyo wataalamu wanaiita ST313, nami nitairudia baadaye kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho.

Kwanza nieleze kazi inavyofanyika, maana watu wengi hudhani tunatazama bakteria kwenye hadubini na kuona jeni.

Fikiria nyumba ya udongo iliyosimamishwa kwa nguzo na fito. Unataka kujua ni vipande vipi vinavyoishikilia. Jenga nyumba milioni moja zinazofanana, ng'oa kipande kimoja kwa kila nyumba bila kuchagua, kisha nenda ukakague zile zilizobaki wima. Kipande ambacho hukuti kimeng'olewa kwenye nyumba hata moja iliyosimama, hicho ndicho kilichokuwa kinaishikilia. Kwa bakteria, kinachong'oa ni transposoni, kipande cha DNA kinachoweza kuruka na kujichomeka mahali popote kwenye jenomu, yaani DNA yote ya bakteria. Barbara McClintock aliwagundua warukaji hawa kwenye mahindi, na mwaka 1983 akapewa Tuzo ya Nobel. Transposoni ikitua katikati ya jeni, jeni ile inakatika na kuacha kufanya kazi; huko ndiko ninakokuita kutobolewa.

Kuwatengeneza bakteria hao si jambo gumu sana. Kujua transposoni imetua wapi kwa kila mmoja ndiko kulikokuwa kugumu, mpaka mwaka 2009 makundi kadhaa ya watafiti yalipochapisha, kila moja kivyake, njia za kusoma maelfu kwa maelfu ya mitobozo kwa mara moja. Wale wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walichukua Salmonella wa taifodi, wakatengeneza bakteria waliotobolewa wapatao milioni 1.1, wakapata sehemu 370,000 tofauti zilizotobolewa. Kwa wastani ni tobo moja kila baada ya herufi 13 za DNA. Hebu pima ukubwa wa jambo hilo: jeni ya kawaida ina herufi kama elfu moja. Ukiikuta haina tobo hata moja wakati majirani zake wametobolewa kila mahali, hutahitaji hesabu kubwa kujua kwamba bakteria waliotobolewa hapo walikuwepo, ila hawakuishi.

Mimi kazi hii nilifundishwa Uingereza nilipokuwa nasomea shahada ya pili. Nakumbuka zaidi siku za kukwangua. Unawapiga bakteria shoti fupi ya umeme ili ngozi yao ifunguke na transposoni iingie, unawamwaga kwenye sahani za agari, chakula chao kilichoganda, zenye dawa ya kanamisini, kwa kuwa transposoni imebeba jeni ya kuhimili kanamisini na asiyeipata anakufa. Kesho yake asubuhi sahani zimejaa makoloni madogo ya rangi ya maziwa ya mgando, yamebanana. Unamimina kimiminika kidogo, unakwangua kwa kijiti cha plastiki kilichopinda, unakusanya uji ule mzito kwenye chupa moja. Chumba kizima kinanuka hamira. Ukimaliza sahani moja unavuta nyingine, na mgongo unauma. Chupa ile moja ndiyo maktaba yako: mamia ya maelfu ya bakteria, kila mmoja na kilema chake. Unaigawa kwenye vichupa, unaweka gliserini, unaifungia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Mama mmoja, fundi wa maabara ile, aliniambia nisiweke vichupa vyote friza moja. "Umeme hauna adabu popote duniani," alisema. Baada ya kurudi nyumbani nimelishukuru neno hilo mara nyingi.

Kisha unatoa DNA, unaikatakata, unasoma kuanzia kwenye kingo ya transposoni kwenda ndani ya jeni iliyovamiwa, na kompyuta inapanga kila kipande mahali pake. Mara ya kwanza kuifungua ramani ile niliikodolea macho mchana kutwa. Mistari mirefu na mifupi imesimama kwenye jenomu nzima, halafu ghafla panakuwa peupe. Unasogeza mshale uone ni jeni gani: protini ya ribosomu, kile kiwanda cha protini cha seli. Mbele kidogo peupe tena: girasi, kile kimeng'enya cha kusokotoa na kulegeza DNA. Tena peupe: ftsZ, anayemkaba bakteria kiunoni wakati wa kugawanyika. Kulikuwa na furaha ya pekee kuona vile nilivyovisoma vitabuni vikijitokeza vyenyewe, bila mtu kuviambia.

Lakini nafasi nyeupe si zote za kuaminiwa, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa kazi. Kila jeni unaipa alama, idadi ya matobo ikigawanywa kwa urefu wa jeni, kisha unachora mgawanyo wa alama hizo. Vinatokea vilima viwili: kidogo upande wa sifuri, cha jeni zisizotobolewa, na kikubwa cha jeni zinazotoboleka bila shida. Kati ya vilima kuna bonde, na bondeni kuna jeni ambazo huwezi kuziapia. Nyingine ni fupi kiasi kwamba zinaweza kukosa tobo kwa bahati tu. Nyingine zimekumbatiwa na protini iitwayo H-NS, ambayo Salmonella huitumia kunyamazisha DNA aliyoipata kwa wengine. Ikikumbatia sana, transposoni haipati pa kutua, na jeni inaonekana ya lazima kumbe ilifunikwa tu.

Kundi lililonisisimua zaidi ni la jeni za lazima kwa sababu ya adui anayeishi ndani. Jenomu ya Salmonella imebeba virusi waliolala, waliojichomeka humo siku nyingi. Kila mmoja ana jeni inayomtuliza alale. Itoboe jeni hiyo, virusi anaamka, anazaliana na kumpasua bakteria. Kwenye ramani unaona nafasi nyeupe safi kabisa, lakini bakteria mwingine wa jamii ileile asiyekuwa na virusi huyo wala hana jeni hiyo, na anaishi vizuri. Kuna na jeni za kuzuia sumu zinazofanya vilevile: bakteria ana sumu yake mwenyewe na kizuizi chake, ukitoa kizuizi peke yake anakufa, ukitoa vyote viwili haumii. Tangu nilipolielewa hili, nikipewa orodha yoyote ya jeni za lazima jambo langu la kwanza ni kuuliza imetoka kwa bakteria yupi.

Bakteria tuliojifunzia sisi aliitwa SL1344. Asili yake ni Salmonella wa ndama wa Uingereza, na yumo kwenye maabara nyingi duniani. Huyu hawezi kujitengenezea asidi amino ya histidini, mojawapo ya matofali ya kujengea protini, kwa sababu jeni yake moja ya njia hiyo imeharibika. Kwa hiyo ukimwotesha kwenye chakula hafifu, sharti umtilie histidini. Sasa angalia matokeo yake. Jeni zote za kutengeneza histidini kwake hazina kazi, zinatoboka ovyo. Ndugu yake asiye na kasoro hiyo, ukimweka kwenye chakula hicho hafifu bila histidini, jeni hizohizo ndizo kufa na kupona. Mtu akibeba orodha ya SL1344 akaiita "jeni za lazima za Salmonella", amesema jambo kubwa kuliko alilolipima.

Halafu ukaja utafiti wa mwaka 2019 juu ya D23580. Huyu ni ST313 aliyetolewa kwenye damu ya mgonjwa Blantyre, Malawi, mwaka 2004. Hatimaye watafiti walikuwa wamemfanyia bakteria wa Afrika kazi hii kwa ukamilifu, tobo moja kila baada ya herufi 10. Niliisoma makala ile usiku mmoja mpaka mwisho, nikairudia. Kwenye mchuzi mnono wa maabara alihitaji jeni 724 ili aote vizuri. Wakampeleka kwenye chakula hafifu chenye tindikali, kinachoiga hali ya ndani ya seli ya binadamu, jeni zikapanda kufika 851. Wakampeleka ndani ya seli za kinga za panya, zikajitokeza 68 nyingine ambazo kwenye chupa hazikuwa na umuhimu wowote. Bakteria ni yuleyule, orodha ni tatu.

Ila lililonishika hasa ni jeni moja, cysS. Inatengeneza kimeng'enya kinachoipachika asidi amino ya sisteini kwenye kibebeo chake, ili iingie kwenye protini. Bila kimeng'enya hiki hakuna protini yenye sisteini, na bakteria hana maisha. Kila kitabu kitakuambia cysS ni ya lazima, na iko kwenye kromosomu, ile DNA kuu ya bakteria. Kwa D23580 nakala ya kromosomu ilikuwa imetobolewa, na waliotobolewa wanaishi. Wakatafuta sababu. Wakaikuta nakala nyingine ya cysS kwenye plasmidi inayoitwa pBT1, na hiyo ndiyo haikuvumilia kutobolewa. Bakteria huyu wa kwetu alikuwa ameihamishia kazi ya lazima kabisa kwenye plasmidi, kile kiduara cha DNA ambacho kwa kawaida tunakihesabu kama mzigo wa ziada unaoweza kutupwa. Tena walipokipima, kimeng'enya cha kwenye plasmidi kilikuwa dhaifu kuliko cha kromosomu, na bado ndicho anachokitegemea.

Tuchukue kampuni ya dawa inayotengeneza kitu cha kuziba kimeng'enya cha kromosomu, ikakijaribu kwa bakteria wa Ulaya na kikafanya kazi barabara. Kikifika Blantyre, au Kilifi, au Muheza, kinaweza kukuta mlango wenyewe hautumiki. Ndiyo maana nasema swali la bakteria yupi si la kujipatia sifa kwenye mikutano.

Jambo la pili nililofundishwa halikutoka kwenye makala. Mjomba wangu anafuga kuku wa nyama Kibaha. Niliporudi nilimtembelea, nikamwamkia, akanijibu, "Marahaba mama, karibu uone wajukuu zako," akanipeleka bandani. Maji ya kuku yalikuwa ya manjano. Nikajua ni OTC, yaani oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria.

"Mjomba, wanaumwa?"

"Hawaumwi, mama. Mvua zimeanza, nawakinga. Ukingoja waumwe umeshapata hasara."

Nikamweleza kazi yangu kwa maneno ya kawaida. Akasikiliza vizuri, halafu akauliza swali ambalo hakuna mtihani ulioniuliza: "Sasa mama, mkiipata hiyo jeni asiyoweza kuishi bila hiyo, mkaipiga, si ndiyo mwisho wake?"

Si mwisho. Dawa iliyokuwa kwenye ndoo yake inapiga ribosomu, na hakuna kitu cha lazima kuliko ribosomu. Bakteria hakuigusa ribosomu yake. Alichofanya ni kupata kwa jirani jeni ya pampu, anaitapika dawa nje kabla haijamdhuru. Siprofloksasini, ambayo watu huiita sipro, inapiga girasi. Bakteria hawezi kuitupa girasi, lakini anaweza kubadilisha herufi moja ya jeni yake, gyrA, pale dawa inaposhika, na girasi ikaendelea na kazi. Jeni kuwa ya lazima maana yake haiwezi kukosekana. Haina maana kwamba haiwezi kubadilika. ST313 alishakuwa sugu kwa ampisilini, kloramfeniko na septrini, madaktari wakahamia seftriaksoni, na mwaka 2015 watafiti wa Kenya wakaripoti ST313 aliyeihimili hiyo nayo. Mjomba alinyamaza, kisha akasema kwamba duka la dawa za mifugo halijawahi kumwambia habari hizi. Namwamini. Tangu hapo, kila orodha ninayoitengeneza naongeza safu moja: jeni hii, kwenye bakteria tulionao tayari, herufi zake zinatofautiana kiasi gani? Ile isiyobadilika hata kidogo kutoka kuku hadi mtu, kutoka Mwanza hadi Pwani, ndiyo ya kuanza nayo. Na mjomba siku hizi hamwagi tena dawa kwa ajili ya mvua. Ananipigia simu kwanza.

Nina neno kwa vijana wanaotaka kuipeleka maktaba yao ndani ya mnyama. Kuku ukimnywesha bakteria milioni nyingi, wanaofanikiwa kushika makao kwenye utumbo wanaweza kuwa wachache sana. Ukija kuwatoa, utakuta maelfu ya matobo yamepotea, na utashawishika kusema jeni zote hizo zinahitajika ndani ya kuku. Nyingi zimepotea kwa bahati ya mlangoni tu. Tumia kuku kadhaa, amini jeni inayopotea kwa wote, na hesabu sehemu zilizotobolewa badala ya wingi wa vipande vilivyosomwa, maana bakteria mmoja aliyebahatika kuzaana sana anaweza kukujazia kompyuta. Kisha thibitisha. Jeni ya lazima huwezi kuifuta ukaonyesha kifo, kwa sababu maiti haioti. Unampa bakteria nakala ya pili, unaifungia kwenye swichi inayowashwa na sukari ya arabinosi, ndipo unafuta ile ya asili. Ukiiondoa sukari, anaishiwa taratibu na kusimama. Nimeiona jeni iliyokuwa nyeupe kabisa kwenye ramani ikifutika bila shida yoyote katika hatua hii, na ndiyo sababu siiruki.

Sasa hivi tuko na Campylobacter, na huyu ana tabia zake. Jenomu yake ni ndogo, herufi kama milioni 1.6 na jeni 1,650 hivi, wakati Salmonella ana jeni kama 4,500. Hapendi hewa tunayovuta, anataka oksijeni asilimia 5 tu, na anaota vizuri kwenye nyuzi 42, joto la mwili wa kuku. Glukosi kwa kawaida haimfai kitu, anaishi kwa asidi amino. Tumechagua transposoni ya mariner, inayotua palipo na herufi T na A zikifuatana, kwa sababu DNA yake karibu asilimia 70 ni herufi hizo mbili, kwa hiyo pa kutua ni pengi. Gesi ndiyo inayotutesa. Mtungi ukichelewa bandarini, kazi yote inasimama.

Bakteria tunaowatumia wametoka kwenye kuku wa masoko ya hapa. Maktaba ikikamilika tutaigawa mara tatu: mchuzi wa maabara kwenye nyuzi 42 ili tuweze kujilinganisha na wenzetu, mchuzi wenye nyongo, na maji ya nyama ya kuku kwenye nyuzi 4, kama yale yanayotuama chini ya sinia kwenye friji ya muuzaji. Hilo la tatu nililidai mimi, na nililipigania. Campylobacter haoti kwenye baridi ile, anavumilia tu. Nataka kujua ni jeni zipi zinazomvusha usiku huo hadi asubuhi, kabla kuku hajafika kwenye ubao wa kukatia, palepale inapokatiwa kachumbari.